Je, Jiometri ni Mzigo wa Bure?

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu nipate kukiri kosa mbele ya wenzangu, na nikisha kukiri nitoe rai yangu.

Wengi wenu mtakumbuka mdahalo wa muhula uliopita, uliokuwa na hoja isemayo kwamba jiometri ni mzigo wa bure kwa mwanafunzi asiyekusudia kuwa mhandisi wala mwalimu wa hesabu. Mimi ndimi niliyekuwa msemaji wa kwanza wa upande wa kuunga mkono. Nilisimama nikauliza, "Ni nani kati yenu aliyemwona baba yake akienda shambani na bikari?" Ukumbi mzima ulicheka, nasi tukashinda kwa kura nyingi. Mwalimu wetu wa hesabu alitabasamu tu, hakusema neno. Leo naja kusema kwamba kura ile nilistahili kushindwa.

Likizo ya Desemba nilikwenda kukaa kwa shangazi yangu, ambaye ni muuguzi katika zahanati ya kijiji. Siku ya kliniki ya watoto nilimsaidia kupanga mabenchi, kupima watoto uzito na kuandika kadi. Ilipopata saa saba mchana dawa ya chanjo ya surua ilikwisha. Ilikuwa imeletwa kwa hesabu ya watoto wa vijiji vya zahanati ile, nayo iliwatosha. Tulikwisha anza kufagia tulipowaona kina mama sita wanakuja kwa miguu, nguo zimelowa mpaka magotini, kila mmoja na mtoto mgongoni.

Walitoka katika kitongoji kilicho kando ya mto. Zahanati yao, kwa mujibu wa orodha, ni nyingine iliyo ng'ambo, mwendo wa kilomita tatu tu. Lakini mvua za vuli zilikuwa zimechukua daraja la magogo, na mto umejaa. Kwa hiyo walizunguka kilomita tisa waje kwa shangazi. Shangazi aliwaeleza kwa upole kwamba dawa imekwisha. Mmoja akauliza, "Basi, dada, turudi lini?" Mwingine hakuuliza kitu. Alikaza kanga yake, akageuka, akashika njia.

Shangazi alimtazama mpaka akapotea. Akaniambia, "Mwanangu, yule harudi."

Nikamwuliza, "Shangazi, lakini dawa yao haikuletwa?"

"Imeletwa," akajibu. "Iko ng'ambo, kwenye jokofu, wala leo haina wa kumchanja. Mgao hupangwa kwa ramani, na aliyepanga hakuuona mto."

Mpangaji yule simjui, wala sitaki kumlaumu. Pengine alichukua rula, akapima kitongoji kipo karibu na zahanati ipi, akaandika. Angefanya hivyo hata mimi, niliyewashawishi wenzangu kwamba mambo ya mistari na masafa hayana maana. Neno lile, "hakuuona mto," lilinikosesha usingizi. Niliporudi shuleni nilimwendea mwalimu wa hesabu, akanipa vitabu na kunielekeza. Haya yafuatayo ndiyo niliyojifunza.

Kwanza yafaa tujue uzito wa jambo lenyewe. Mwaka 1974 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa kuwachanja watoto wa nchi zote, likaanza na magonjwa sita: kifua kikuu, dondakoo, pepopunda, kifaduro, polio na surua. Mwaka 2024, mpango ulipotimiza miaka 50, wataalamu walikadiria kwamba chanjo zimeokoa maisha ya watu milioni 154, wengi wao watoto wachanga. Hata hivyo, katika mwaka 2023 watoto zaidi ya milioni 14 duniani hawakupata hata sindano ya kwanza. Sababu ni nyingi: vita, umaskini, uvumi. Lakini baadhi yao ni kama wale sita wa kando ya mto, ambao mama zao walitaka, na dawa ilikuwapo, ila mama na dawa hawakukutana.

Tena dawa hizi si kama mahindi ambayo yakichelewa wiki moja hayaharibiki. Zilizo nyingi hapana budi zikae katika baridi ya nyuzi 2 mpaka 8 za Selsiasi tangu kiwandani mpaka kwa mtoto. Zikipata joto huharibika. Nyingine, kama ile ya kuzuia dondakoo, pepopunda na kifaduro, huharibika hata zikiganda kwa barafu. Dawa ya surua ikisha kuchanganywa na maji yake, inayobaki baada ya saa sita hutupwa. Safari hiyo yote ya mzigo, kutoka bohari kuu mpaka mkoani, wilayani na zahanati, wataalamu huiita mnyororo wa ugavi. Pete moja ya mnyororo ikikatika, zile nyingine zote zimefanya kazi bure.

Sasa, jiometri yaingia wapi?

Tuanze na sanduku la baridi. Chukua sanduku la pande sawa, kila upande sentimita 20. Ndani huingia lita 8, na nje uso wake wote ni sentimita za mraba 2,400. Sasa ongeza kila upande uwe sentimita 40. Ujazo huwa lita 64, yaani mara nane, lakini uso huwa sentimita za mraba 9,600, yaani mara nne tu. Joto hupenya kwa kupitia usoni. Basi katika sanduku kubwa kila lita hulindwa na joto mara mbili kuliko katika dogo. Lakini sanduku kubwa halibebeki kwa baiskeli. Mwenye kuchagua sanduku apime mambo hayo mawili, na vipimo vyenyewe ni vile vya Kidato cha Pili tulivyovicheka.

Pili, swali la nani ni wa wapi. Ukitaka kujua kitongoji kipo karibu na zahanati ipi kati ya mbili, ziunganishe kwa mstari, ugawe mstari nusu kwa nusu, kisha hapo katikati piga mstari mwingine wenye pembe ya nyuzi 90. Walio upande huu ni wa zahanati hii, na walio upande ule ni wa zahanati ile. Ukifanya hivyo kwa zahanati zote, nchi nzima hugawanyika kama sega la nyuki. Mwanahesabu Georgy Voronoy aliandika juu ya migawanyo ya namna hiyo mwaka 1908. Alikuwa akitafiti mambo ya namba, wala hakuwa akiwaza zahanati. Leo wapangaji wa hospitali, shule na masoko huitumia kazi yake.

Lakini kabla yake alikuwako mganga wa London, John Snow, aliyeliona jambo ambalo mpangaji wetu hakuliona. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua mamia ya watu katika mtaa wa Soho. Snow alitia alama kwenye ramani kila nyumba iliyofiwa. Kisha, katika ramani iliyotolewa mwaka 1855, alichora mstari wa kuonyesha mahali ambapo mwendo wa kwenda pampu ya maji ya Broad Street ni sawa na mwendo wa kwenda pampu nyingine. Naye hakupima kwa rula. Alipima kwa kufuata njia watu wanazopita. Mstari wake ukatoka umepinda, na vifo vingi vikaonekana vimo ndani yake. Maji ya pampu ile ndiyo yaliyokuwa na sumu. Kama mgao wa kwetu ungalipimwa kwa njia wanazopita watu, kiangazi na masika, watoto sita wangalikuwa wamechanjwa.

Tatu, swali la kugawa na la kupita. Wenzangu wa Kidato cha Nne mnalijua somo la kuchora mistari ya masharti kwenye grafu, halafu kutafuta jibu bora katika pembe za umbo lililopatikana. Mwaka 1947 Mmarekani George Dantzig alipata njia ya kutembea kutoka pembe moja hadi nyingine, hata umbo likiwa na pembe zisizohesabika na lisilochoreka katika karatasi. Kwa njia hiyo mtu aweza kugawa mzigo wa bohari moja kwa zahanati mia bila kubahatisha.

Na mpeleka mzigo naye apite wapi? Mwenye pikipiki akitoka boharini, apite zahanati 10 na kurudi, ana mizunguko 1,814,400 ya kuchagua. Ukipima mmoja kila dakika, usile wala usilale, utamaliza baada ya siku 1,260. Mwaka 1954 Dantzig na wenzake wawili, Fulkerson na Johnson, walipata mzunguko mfupi kupita yote wa miji 49 ya Marekani, nao walifanya hivyo kwa kulikata umbo la jiometri kidogo kidogo, kama seremala anavyochonga gogo, mpaka jibu likabaki peke yake pembeni.

Mtu ataniambia, "Hayo ni ya Wazungu na vitabu." Basi na tutazame kwa jirani. Katika jimbo la Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, mpakani na Mtwara yetu, ilikuwa desturi mhudumu wa zahanati kuiacha kazi yake aende mwenyewe kutafuta dawa. Kati ya mwaka 2002 na 2007 wakuu wa afya wa huko, pamoja na shirika la VillageReach, waligeuza mpango. Watu wachache walipewa magari na kazi moja tu, kuzizungukia zahanati kila mwezi kwa njia iliyopangwa, wakipeleka dawa, wakitazama majokofu na kuandika hesabu. Watoto waliomaliza sindano tatu za dondakoo, pepopunda na kifaduro walipanda kutoka 69 hivi katika kila 100 mpaka 95. Sisemi kwamba ni mistari peke yake iliyofanya hayo. Magari, majokofu na bidii ya watu vilikuwamo. Lakini dawa ilikuwa ile ile na watoto walikuwa wale wale. Kilichobadilika ni mpango wa safari.

Najua pia pingamizi kubwa zaidi. Wapo watakaosema kwamba tatizo letu ni daraja, petroli na fedha, na kwamba hakuna pembetatu itakayojenga daraja. Ni kweli, nami sibishi. Ila nawauliza: siku fedha zikipatikana za daraja moja tu, litajengwa wapi? Petroli ikitosha safari moja tu, iende njia ipi? Maskini ndiye mwenye haja kubwa ya kupima, maana hana cha kupoteza. Walakini nakubali kwamba jiometri ya mezani, isiyoulizana na miguu ya mama, ndiyo iliyotuletea kosa lile. Dawa ya kosa hilo si kuitupa jiometri. Ni kuitoa nje ya darasa, ikayaone matope.

Kwa hiyo natoa rai. Shule yetu ina wanafunzi kutoka vijiji na vitongoji vingi vya wilaya hii. Likizo ijayo kila mmoja wetu na atembee kwa miguu kutoka nyumbani kwao hadi zahanati, aandike muda, njia aliyopita, na mahali ambapo mto au korongo hufunga njia wakati wa mvua. Wazazi watusaidie, kwani wao wanajua ni mwezi gani njia ipi haipitiki. Muhula ukianza, tukiwa chini ya walimu wetu wa hesabu na jiografia, tuchore ramani mbili, ya kiangazi na ya masika. Kisha Mwalimu Mkuu atupe ruhusa tuzipeleke kwa wahusika wa afya wilayani, kwa heshima, kama watoto wanaoleta walichokiona. Kazi hii haitaki fedha. Inataka kalamu, saa na miguu.

Wazee walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Kitongoji kile kilikuwapo, watu wake wako hai, na lao lilikuwapo. Walikosa tu mtu wa kukiweka mahali pake kwenye ramani.

Nawaomba radhi wenzangu wa upande wa kupinga hoja. Mdahalo ukirudiwa, nitaketi nanyi. Na kwa yule mama aliyekaza kanga yake akaondoka, sina la kusema ila kwamba bikari yangu sasa imo mkobani, wala haitoki.

Wako mtiifu,
Mwanafunzi, Kidato cha Nne