Kijana Aliye Ng'ambo na Giza la Desemba

Mzazi mmoja wa mkoa wa Iringa ametuletea barua ambayo wazazi wengi wenye watoto ng'ambo wangaliweza kuiandika. Binti yake anasoma katika mji wa Umeå, kaskazini mwa Sweden. Alipofika huko mwezi wa Agosti alikuwa akipiga simu karibu kila siku, akicheka na kusimulia habari za masomo na za wenzake. Ulipoingia Novemba simu zikaanza kupungua. Sasa hupita juma zima pasipo neno, na akipatikana husema alikuwa amelala. Hulala saa kumi na moja kwa usiku mmoja, na bado huamka amechoka. Amenenepa, anakula mikate na vitu vitamu pasipo kiasi, na mitihani miwili imempita. Mjomba mtu amekata shauri kwamba mtoto ameharibiwa na Ulaya. Shangazi yeye anaona mkono wa mtu. Mama anauliza: je, amrudishe nyumbani?

Kabla ya kumhukumu binti huyu, ndugu wasomaji, natuitazame saa. Sisi tusemao Kiswahili huhesabu saa kwa jua. Likichomoza ni saa kumi na mbili, na hesabu ya mchana huanzia hapo. Hesabu hiyo hutufaa kwa kuwa mchana wetu haubadiliki sana: mjini Dar es Salaam, tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na ule mfupi kuliko yote katika mwaka haifikii saa moja. Umeå mambo ni mengine kabisa. Mnamo Desemba 21 jua huchomoza huko yapata saa tatu na nusu asubuhi, na kabla ya saa nane mchana limekwisha kutua. Mchana wote ni kama saa nne na nusu, tena jua lenyewe halipandi utosini. Hujikokota karibu na ardhi, mara nyingi nyuma ya mawingu. Mwanafunzi aingiaye darasani saa mbili na kutoka saa tisa huweza kulikosa jua juma zima.

Wapo watakaosema kwamba kisa ni baridi. Lakini Makete nako kuna baridi, na mwezi wa Juni umande huganda majanini. Hata hivyo watu wa huko huamka na jua na kwenda shambani kama kawaida. Kinachomwelemea mtu wa kaskazini ni upungufu wa mwanga.

Jambo hili lilielezwa vizuri na daktari aliyezaliwa Afrika. Norman Rosenthal, mzaliwa wa Johannesburg, alihamia New York mwaka 1976, na majira ya baridi yalipofika akajiona nguvu zimemwishia kwa namna asiyopata kuijua kwao. Mwaka 1980 Alfred Lewy na wenzake walionyesha kwamba mwanga mkali huzuia mwili wa binadamu usitoe melatonini, yaani homoni ya usiku. Mwaka 1984 Rosenthal na wenzake walichapisha maelezo ya ugonjwa wenyewe, ambao hapa tutauita sonona ya majira. Huja siku zinapofupika na kuondoka siku zinaporefuka. Mgonjwa hulala mno, hutamani vyakula vya wanga na sukari, hunenepa, hujitenga na watu, na kazi iliyokuwa nyepesi humwia mlima. Wasomaji watatambua kwamba tumekwisha kuyasoma hayo yote katika barua ya mama.

Wenyeji nao hawaoni haya kulikiri giza hilo. Mwaka 2012 shirika la umeme la Umeå lilifunga taa za tiba katika vituo vya basi vipatavyo 30, ili abiria wapate mwanga wanapongoja. Huko Norway uko mji wa Rjukan, uliojibana bondeni kiasi kwamba jua haliufikii tangu Septemba hadi Machi. Mwaka 1928 ulijengwa mtambo wa kamba wa kuwapandisha watu mlimani waende kuliona jua, na mwaka 2013 vioo vitatu vikubwa vikasimamishwa juu ya mlima kulielekeza jua kwenye uwanja wa mji. Ikiwa waliozaliwa humo wanagharimia vioo na taa, kwa nini mtoto wa Iringa aitwe mvivu?

Tiba ipo. Ya kwanza ni kutoka nje mchana, hata kukiwa na mawingu, kwa maana sebule yenye taa ya kawaida aghalabu haifiki luksi 500, na nje huwa zaidi. Ya pili ni taa maalumu yenye nguvu ya luksi 10,000, ambayo mtu huketi mbele yake kwa nusu saa hivi kila asubuhi, macho yakiwa wazi pasipo kuikodolea. Mwenye maradhi ya macho, au aliyewahi kupatwa na wazimu wa furaha iliyopita kiasi, asiitumie kabla ya kumwona daktari. Ipo pia tiba ya mazungumzo: Kelly Rohan na wenzake nchini Marekani walionyesha mwaka 2016 kwamba waliotibiwa kwa njia hiyo walirudiwa na ugonjwa kwa uchache kuliko waliotumia taa, ulipofika msimu wa pili wa baridi baada ya matibabu. Wengine huhitaji vidonge. Vitamini D ni shauri jingine. Hiyo hutengenezwa na ngozi, na ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi, kwa hiyo binti amuulize daktari. Ila taa ya tiba haimpatii vitamini hiyo.

Turudi kwa mama. Kumrudisha mtoto katikati ya mwaka wa masomo si hatua ya kwanza. Huu ni msimu wake wa kwanza wa baridi, na madaktari huthibitisha sonona ya majira baada ya kuiona ikirudi angalau miaka miwili mfululizo. Tena upungufu wa damu na maradhi ya tezi ya shingo navyo huchosha hivyo hivyo, basi apimwe. Aende kwenye huduma ya afya ya wanafunzi juma hili. Na akianza kusema kwamba haoni faida ya kuishi, asingoje juma. Namba ya dharura huko ni 112.

Mjomba naye aombwe asimpigie simu kwa sasa. Mtu aliyelemewa hivyo, kila karipio hulihesabu kuwa ushahidi kwamba kweli hafai.

Mama ndiye apige. Asipige asubuhi, maana saa nne yetu huko ni saa mbili na kungali giza. Apige saa saba mchana, ambapo Umeå ni saa tano, na amwombe binti avae koti atoke nje wakizungumza huku anatembea. Wazungumze habari za nyumbani, za mahindi na za majirani, kwa nusu saa, mitihani isitajwe. Jumapili ya mwisho ya Machi Sweden husogeza saa zake mbele, na tofauti yetu hubaki saa moja. Kufikia siku hiyo mchana wa Umeå utakuwa umekwisha kuupita wa Iringa kwa urefu.