Damu imekoma, na ugali je?

Mtu katapika damu, kakimbizwa hospitali kubwa, kafungwa mishipa ya umio, karudi Mpanda yu hai. Mtaani tunasema amepona. Mimi nasema muulizeni kwanza anakulaje.

Kichocho cha tumbo huacha makovu ndani ya ini. Damu ikikosa pa kupita hukimbilia mishipa midogo ya umio, nayo huvimba hadi siku moja inapasuka. Utafiti uliofanyika Bugando, Mwanza, ukachapishwa 2014, uliikuta mishipa hiyo kwa zaidi ya nusu ya wagonjwa waliotapika damu na kupimwa kwa kamera. Msiseme hayo ni ya Mwanza. Katavi tuna Ziwa Tanganyika kule Karema na Ikola, tuna majaruba ya mpunga Mpimbwe, na ndugu zetu wengi wamehamia huku kutoka Kanda ya Ziwa.

Umio si bomba la maji. Ni msuli unaosukuma tonge kwa mawimbi, toka juu hadi chini. Zamani mishipa ilichomwa sindano ya dawa ya kuikausha. Dawa hiyo inaweza kupenya hadi kwenye msuli, ikaacha kovu, wimbi likadhoofika na njia ikabana. Siku hizi kinachopendelewa ni kuufunga mshipa kwa kijipira, maana kinashika utando wa ndani tu. Lakini kikidondoka baada ya siku kadhaa kinaacha kidonda, na kazi yenyewe hurudiwa kila baada ya wiki chache mpaka mishipa iishe.

Sasa tonge limekwama kifuani, na mtu hajaambiwa kitu. Atawaza nini? Karogwa. Au ataogopa kurudi, na nauli ya Mwanza kwa mkulima si mchezo jamani.

Karatasi za kuruhusiwa nilizowahi kuziona ni Kiingereza cha vifupisho. Kwa nini isiwepo mistari minne ya Kiswahili? Siku za kwanza kunywa uji, kula vitu laini. Maumivu kidogo ni kawaida. Chakula kikianza kukwama wiki kadhaa baadaye, rudi, njia huweza kupanuliwa. Ukitapika damu au choo kikiwa cheusi kama lami, usingoje kukuche.

Wenzetu wa udaktari na uuguzi mnaokwenda mafunzo kwa vitendo, hili halingoji bajeti ya wizara. Kabla mgonjwa hajapanda basi, mwambieni awaeleze yeye mwenyewe jioni hii atakula nini, na tarehe gani anarudi.