Fidia ya ajali isiuzwe ingali shambani

Kila mkulima wa Mpimbwe na Karema anaijua hasara ya kuuza mpunga ungali shambani. Mlanguzi huja wakati ghala ni tupu na mahitaji ya shule yanadai, akatoa fedha taslimu, na mavuno yanapofika magunia si ya mwenye shamba tena. Wiki hii tunazungumzia mali nyingine inayouzwa Mpanda kwa mtindo huo huo, nayo ni haki ya mtu aliyeumizwa na gari.

Mambo huenda hivi. Siku ya tatu baada ya ajali, majeruhi akiwa bado wodini, ndugu wa mwenye gari wanafika pamoja na mzee anayeheshimika mtaani. Pole zinatolewa, kisha bahasha, kisha karatasi inayosema kwamba majeruhi amepokea fidia yake yote na hana madai tena. Majeruhi anaweka dole gumba. Wote wanashukuru kwamba mambo yamekwisha kindugu.

Kwa maoni yetu, biashara hiyo imefanyika mapema mno. Bei haiwezi kupatikana siku hiyo kwa sababu mali yenyewe haijapimwa. Daktari hajasema kama mfupa utaunga sawasawa, kama upasuaji wa pili utahitajika, wala kama kutabaki ulemavu. Mnunuzi ana haraka kwa sababu anahisi kwamba bei itapanda. Muuzaji hana sababu ya kuwa na haraka isipokuwa njaa.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mama mchuuzi wa mchele katika soko la Mpanda, anayebakiwa na faida ya shilingi 15,000 kwa siku, amevunjika mguu na kuwekewa chuma. Matibabu yamemgharimu shilingi 1,150,000. Nauli na malazi ya safari za hospitali ya rufaa Mbeya, yeye na mtu wa kumsindikiza, ni shilingi 340,000. Amekaa nyumbani miezi 5, kwa siku 26 za kazi kila mwezi, hivyo amepoteza shilingi 1,950,000. Upasuaji wa kuondoa chuma utadai shilingi 900,000. Jumla ni shilingi 4,340,000, na hapo hatujagusa maumivu wala mguu uliobaki mfupi. Bahasha ya wodini ilikuwa na shilingi 600,000. Kwa kila shilingi aliyopoteza, amelipwa chini ya senti 14.

Wapo watakaosema kwamba kudai zaidi ni kumkomoa jirani. Hoja hiyo inasahau jambo moja. Chini ya Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, gari haliruhusiwi kutembea barabarani bila bima ya kulinda watu wengine. Stika ya bima maana yake ni kwamba jirani amekwisha kulipia hatari hiyo. Anayetakiwa kutoa fedha ni kampuni ya bima. Majeruhi anayemwonea haya jirani yake kwa kweli anaisamehe kampuni.

Mwenye gari naye ajihadhari na mapatano ya haraka. Mikataba mingi ya bima humkataza kukiri kosa au kuahidi malipo bila idhini ya kampuni. Anayemaliza mambo kienyeji anaweza kutoa fedha zake mfukoni, kisha akakuta kampuni inakataa kumrudishia. Njia iliyo salama kwake ni kutoa taarifa mapema kwa polisi na kwa kampuni yake.

Sasa tuje kwenye maandalizi, maana hakuna anayekwenda sokoni bila mizani. La kwanza ni kujua kampuni iliyotoa bima. Namba ya gari inatosha kuhakiki stika katika mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA. La pili ni karatasi za polisi: PF 3 ya matibabu, PF 90 ya taarifa ya ajali, PF 93 ya ukaguzi wa gari, na mchoro wa mahali pa ajali. Kesi ya trafiki ikifika mahakamani, nakala ya hukumu nayo itafutwe. Dereva akitiwa hatiani, na rufaa ikiwa haipo tena, hukumu hiyo ni ushahidi mzito juu ya nani alikosea.

La tatu, ambalo wengi hulipuuza, ni risiti. Mahakama zetu zimeshikilia kwamba hasara halisi sharti itajwe moja moja na kuthibitishwa. Mahakama ya Rufani ilisisitiza hivyo mwaka 1992 katika shauri la Zuberi Augustino dhidi ya Anicet Mugabe. Dawa iliyonunuliwa bila risiti ni vigumu kuidai. Mchuuzi asiyekuwa na daftari la mauzo naye atapata shida kuthibitisha kipato chake. Daftari la shilingi chache linaweza kutetea mamilioni.

La nne ni taarifa ya mwisho ya daktari, inayoeleza kiwango cha ulemavu na matibabu yaliyobaki. Hapo ndipo mpunga umekauka na unaweza kupimwa. Barua ya madai iandikwe ikitaja kila kipengele na kiasi chake. Kampuni ikijibu kwa kiasi kidogo, iulizwe kwa maandishi ni kipengele gani inachokikataa na kwa nini. Ni rahisi kupunguza jumla moja kubwa, lakini ni vigumu kupunguza hesabu yenye risiti bila kutoa sababu.

Subira hiyo isigeuke usingizi. Madai ya madhara ya namna hii yana kikomo cha miaka 3 kufunguliwa mahakamani, na mazungumzo na kampuni hayasimamishi saa. Kabla ya kufika huko, ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyowekwa na Sheria ya Bima ya 2009. Aliyeumia akiwa kazini, kwa mfano utingo wa lori, aulize pia haki yake katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioundwa chini ya sheria ya 2008. Anayemtumia wakili wakubaliane malipo yake kwa maandishi mapema, na awaepuke vishoka wanaozunguka wodini.

Lakini tukubali ukweli. Mkulima hauzi mpunga mbichi kwa sababu ni mjinga. Anauza kwa sababu watoto hawawezi kula subira. Majeruhi ni hivyo hivyo. Kwa hiyo hatumshauri akatae bahasha ya wodini. Apokee, ashukuru, lakini karatasi iseme kwamba fedha hizo ni msaada wa matibabu na zitahesabiwa ndani ya fidia, wala si mwisho wa madai. Pole ni pole, na fidia ni fidia. Mzee wa mtaa anayetaka amani ya kweli asimamie maneno hayo yaandikwe hivyo.

Lawama nyingine ni ya makampuni ya bima. Shirika la Bima la Taifa lilikuwa peke yake katika soko hadi sheria ya mwaka 1996 ilipofungua mlango kwa makampuni binafsi. Tuliahidiwa kwamba ushindani utamnufaisha mwananchi. Kwa mtazamo wetu, ushindani huo umeonekana zaidi katika kuuza stika kuliko katika kulipa madai. Stika inapatikana kwa dakika chache. Anayedai hutakiwa kufuata karatasi kutoka meza hii hadi ile, mara nyingi mbali na nyumbani.

Tangu barabara ya Tabora hadi Mpanda kupitia Koga iwekwe lami, mazao yanasafiri haraka, na magari pia. Wakati umefika kwa makampuni yanayokusanya ada Katavi kuweka hapa hapa mtu mwenye mamlaka ya kupokea na kujadili madai. Na polisi, wanapomkabidhi majeruhi PF 3, waandike juu yake jina la kampuni iliyolikatia gari bima. Wino wa mstari mmoja hauna gharama, na ungempa mama wa mchele mahali pa kuanzia kabla bahasha haijafika kitandani.