Kwa nini wasomaji wa hadithi hunyamaza
Hadithi mtandaoni husomwa na wengi, lakini wanaomwandikia mtunzi ni wachache mno. Mwaka wa 2006, mtafiti Jakob Nielsen alieleza kuwa katika jumuiya za intaneti, takriban watu 90 kati ya 100 husoma tu, 9 huchangia mara chache, na 1 ndiye huandika sana.

Katika maeneo kama Ndanai, kaunti ya Bomet, yapo mambo mawili yanayozidisha kimya hicho. Kwanza, wengi huzungumza Kikipsigis nyumbani, ilhali Kiswahili sanifu walikikuta darasani, ambako kosa huadhibiwa kwa wino mwekundu. Pili, riwaya teule kama Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora na Chozi la Heri ya Assumpta Matei zilisomwa kwa ajili ya mtihani wa KCSE. Mwanafunzi alifunzwa kumjibu mtahini, si kumweleza mwandishi kilichomgusa au kumuudhi.

Kimya hicho, basi, si dharau. Hata hivyo kina gharama: mtunzi asiyejibiwa hajui alipoteleza, na huenda akaiacha hadithi njiani. Dawa yaweza kuanzia darasani, mwalimu akiuliza kwanza iwapo hadithi imependeza, na kwa nini.