Tunaogopa maikrowevu, tunalala na jiko la mkaa

Ndugu zangu, kuna uoga mmoja unanichekesha na kunisikitisha kwa wakati mmoja. Huku nyanda za juu za Kigoma, kuanzia Kasulu na Kibondo hadi Kakonko, umeme wa gridi ya taifa umefika, na mwaka 2022 yale majenereta ya dizeli yaliyonguruma miaka nenda rudi yalianza kuzimwa. Umeme ukija, vitu vinaufuata. Mwalimu anakwenda likizo Mwanza, anarudi na maikrowevu kwenye buti la basi. Hapo ndipo maneno yanapoanza: oh, ina mionzi, oh, inaleta kansa, oh, inamaliza nguvu za kiume! Nimeyasikia Mtendeli, na nimeyasikia kwa watu wenye digrii zao.

Tuwekane sawa. Kifaa hiki kilizaliwa kwenye utafiti wa rada. Percy Spencer, mhandisi wa kampuni ya Raytheon ya Marekani, aliomba hataza ya kupikia kwa mawimbi hayo mwaka 1945. Mawimbi yenyewe ni ndugu wa yale ya redio na simu. Yanatikisa maji yaliyomo kwenye chakula, chakula kinapata moto, basi. Hayana nguvu ya kuvunjavunja chembe za mwili kama eksirei. Ukizima, yamekwisha, kama vile mwanga usivyobaki chumbani ukizima taa. Shirika la Afya Duniani linasema mtu aliyesimama sentimita 50 kutoka kwenye oveni hupata kiasi cha sehemu moja ya mia ya kile anachopata aliye sentimita 5. Ilimradi mlango uwe mzima na unafunga sawasawa.

Sasa nitazameni upande wa pili. Mvua ikinyesha au baridi ya Juni ikishika, mtu yule yule anayeogopa mionzi anaingiza jiko la mkaa ndani, anafunga mlango na dirisha, analala na wanawe. Mkaa unatoa kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, inachukua nafasi ya oksijeni kwenye damu, na mtu anapitiliza usingizini. Kila mwaka magazeti yetu yanaandika familia iliyokutwa imekufa hivyo. Sijawahi kuandika habari ya familia iliyouawa na mionzi ya maikrowevu.

Si kwamba chombo hiki hakina hatari. Kinazo, ila si zile tunazosimuliana. Ya kwanza kwangu ni fundi redio. Huku kwetu fundi redio anafungua kila kitu, kuanzia simu hadi pasi. Ndani ya maikrowevu mna kapasita inayotunza maelfu ya volti hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Ikiharibika na hakuna fundi aliyesomea kazi hiyo, bora iwe kabati la vikombe.

Pili, vitambaa. Mama zetu wanapenda kuvalisha kila kitu kitambaa cha kufuma: redio, televisheni, friji. Maikrowevu inahitaji kupumua, msizibe matundu yake. Wala msiichomeke kwenye ekstensheni moja na pasi na birika la umeme. Umeme ukikatika, chomoa, maana ukirudi unaweza kurudi kwa kishindo.

Kuhusu vyombo, sahani za bati, sufuria, vijiko na zile hotipoti zenye chuma ndani vikae mbali, vitarusha cheche. Kopo la siagi nalo halikutengenezwa kwa moto ule. Tumia kioo au udongo. Yai zima na ganda lake litalipuka, na kopo lililofungwa kabisa vilevile. Maji kwenye kikombe laini yanaweza kupita kiwango cha kuchemka bila kutoa povu, halafu yakaruka usoni ukitia majani ya chai. Maziwa ya mtoto ndiyo ya kuangalia zaidi: chupa inakuwa vuguvugu nje wakati katikati panaunguza. Tikisa, dondoshea mkononi kwanza. Na kiporo cha maharage kigeuze katikati ya kazi, maana mawimbi hayaingii ndani zaidi ya sentimita chache, na pale palipobaki baridi vijidudu vinaendelea kuishi.

Mtaniuliza, sisi wa ugali wa muhogo na maharage tunahusikaje? Swali zuri. Maikrowevu haitasonga ugali wa watu saba. Ni ya kupasha. Ndiyo maana namshauri mwenye fedha ya chombo kimoja tu aanze na sufuria ya presha ya umeme, maana maharage ndiyo yanayomaliza kuni zetu. Na kuni si jambo dogo hapa. Kambi ya wakimbizi ya Mtendeli ilipofunguliwa mwaka 2016 hadi ilipofungwa mwaka 2021, kuni zilikuwa chanzo cha ugomvi na wenyeji, na katika kambi za mkoa huu wanawake wamebakwa porini walikofuata kuni.

Gharama? Maikrowevu inayovuta wati 1,200 kwa dakika tano inakula sehemu ya kumi ya uniti. Kwa mteja mdogo anayelipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, hiyo ni shilingi kumi.

Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia Mei 2024, ikilenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Vizuri. Lakini vijitabu vya vifaa hivi ninavyoviona madukani vimeandikwa Kiingereza na Kichina. Anayemfungia bibi wa Mtendeli mita ya umeme ampe na karatasi moja ya Kiswahili: nini kisiingie ndani, nini kisifunguliwe, na jiko la mkaa lilale nje.