Mnatuita kuwaaga vijana wetu, mbona hamtuiti siku ya kiapo?

BUKAVU. Wiki iliyopita mama mmoja muuza sambaza wa soko la Nyawera alikuja kuningoja kwenye mlango wa radio. Alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba yai. Ndani ya simu kulikuwa picha moja: vijana karibu arobaini, vichwa vimenyolewa, wote katika mavazi mapya ya jeshi, wamesimama kwenye jua. Akaniambia: «Mwandishi, wewe macho yako bado mazuri. Wangu ni yupi?»

Tulitafuta safu kwa safu. Hatukumpata. Pengine yuko pale, pengine hayuko. Picha ilikuwa imepita katika simu za watu wengi mbele ya kumfikia, na uso wa kila kijana ulikuwa umebaki kama kivuli. Mama alijua jambo moja tu: mafunzo yameisha. Yameishia wapi, siku gani, nani alikuwa pale, na kijana ametumwa upande gani, hakuna aliyemwambia.

Mtoto huyo aliondoka nyumbani mwishoni mwa mwaka 2022. Mnakumbuka wakati ule. Tarehe 3 Novemba 2022 Rais Félix Tshisekedi alihutubia taifa, akawaomba vijana waingie katika jeshi la FARDC kwa sababu ya vita ya M23 kule Kivu ya Kaskazini. Hapa Bukavu vijana walijibu. Niliwaona na kalamu mkononi, na diploma ndani ya plastiki, wengine wakiimba. Wamama walitoa vitenge vyao wakavitandika chini. Viongozi walishika mikrofoni, na sisi waandishi tulikuwa pale kunasa sauti. Siku ya kuaga, mzazi ni mtu mkubwa. Anaitwa shujaa, anapigwa picha.

Kisha mlango unafungwa.

Leo nataka kusema wazi jambo ambalo wazazi wa Ibanda wanalisema polepole mbele ya nyumba zao. Siku kubwa ya askari si ile ya kupanda gari. Ni ile ya kumaliza mafunzo, siku anaposimama mbele ya bendera na kuapa. Mzazi aliyetoa mtoto ana haki ya kujua siku hiyo, na ikiwezekana, ya kuwa pale. Haki hiyo isifanywe zawadi ya mkubwa fulani kwa jamaa zake.

Najua majibu yatakayokuja, maana nimeshayasikia.

La kwanza ni umbali, na kweli ni mbali. Kamina iko Haut-Lomami. Ukitaka kwenda huko bila ndege, unashuka Uvira, unavuka ziwa Tanganyika hadi Kalemie, halafu unangoja treni ya kupitia Kabalo, na treni hiyo haina haraka na mtu. Kitona ndiyo mbali zaidi, karibu na Moanda, pale inchi inapogusa bahari. Muuza sambaza hawezi kufanya safari hiyo hata akiuza mwaka mzima.

Sipingi vijana kupelekwa mbali. Katiba yetu, kipengele cha 188, inasema jeshi ni la Jamhuri na linatumikia taifa lote. Kijana wa Panzi akilala kitanda kimoja na kijana wa Mbandaka na wa Mbuji-Mayi, hilo ni jambo jema. Tumeona hapa matokeo ya askari wanaofuata mkubwa wa kabila lao kuliko bendera. Tarehe 2 Juni 2004 mji huu ulichukuliwa na maofisa walioasi, na wanawake wa Ibanda hawajasahau siku zile. Basi wachanganywe. Lakini umbali wa kambi usiwe sababu ya ukimya. Barua inasafiri. Simu inasafiri. Na ndege iliyowabeba vijana elfu ingeweza kubeba wazazi watatu, mmoja wa Ibanda, mmoja wa Kadutu, mmoja wa Bagira, wakae kwenye jukwaa kwa niaba yetu sote, warudi watuambie walichokiona.

Jibu la pili ni usalama. Wanasema: tuko katika vita, hatuwezi kutangaza. Hapo nakubali nusu. Siombi majina ya askari yasomwe kwenye radio, wala kikosi kitajwe. Mimi mwenyewe nikipewa orodha hiyo sitaisoma, kwa sababu adui naye ana radio. Lakini sherehe hizo tunaziona kwenye televisheni ya taifa! Kuna kamera, kuna fanfare, kuna wageni waliovaa miwani, kuna hotuba ndefu. Kama mwenye kamera anaweza kuingia bila kuhatarisha inchi, mama aliyezaa askari atahatarisha nini?

Jibu la tatu ndilo linaloniudhi. Wanasema: akiingia jeshini, si wenu tena, ni wa taifa. Mtu akiniambia hivyo namuuliza: siku atakapoanguka, maiti utampelekea nani? Matanga yatafanyika wapi, kwa taifa au kwa baba yake kule Essence? Mtoto hawezi kuwa wa taifa siku ya gwaride, halafu akawa wa familia siku ya jeneza.

Wenzetu wanafanyaje? Kenya, makuruta wa jeshi wakimaliza mafunzo Eldoret, wazazi wanakuja kutoka kila upande, na baada ya gwaride utaona mama anacheza na kijana amevalishwa maua. Tanzania, vijana wa JKT wakifunga mafunzo, wazazi wanakuwa miongoni mwa wageni. Hata Amerika, ambako wengi wetu wana ndugu waliokimbia vita, kambi ya Fort Jackson inaweka siku ya familia mbele ya siku ya gwaride, na wazazi wanapewa maelezo mapema: mfike saa ngapi, mlete kitambulisho gani, mkae wapi. Jirani yangu mmoja ana mpwa wake kule. Alinionyesha video: mjomba mtu, mzaliwa wa Nguba, amekaa kwenye jukwaa na koti lake, analia bila haya. Inchi hizo nazo zina maadui. Hakuna jeshi lililoshindwa vita kwa sababu mama alipiga makofi.

Na sisi tunajua kinachotokea askari akitengenezwa bila shahidi. Mwaka 1996 vita ya AFDL ilipopita hapa, watoto wengi wa Bukavu walifuata bunduki. Tukawaita kadogo, kama mchezo. Walifunzwa porini, hakuna mzazi aliyeona, hakuna aliyeandika. Mpaka leo kuna nyumba katika mtaa wa Nyalukemba ambamo sahani ya mtu mmoja haijagawiwa. Turudi nyuma zaidi. Kambi yetu ya Saïo ina jina la mji wa Ethiopia ambako askari wa Force Publique, watoto wa inchi hii, waliwashinda Waitalia mnamo Julai 1941. Jina la vita liko kwenye midomo ya kila motari. Nitajie majina ya askari watano waliofika kule. Huwezi, na mimi siwezi. Ndivyo tunavyofanya: tunabaki na ushindi, tunapoteza watu.

Sasa niwageukie wazazi, maana nikiwalaumu wakubwa peke yao nitakuwa nimesema nusu. Nasi tuna makosa, na kuna mambo tunaweza kufanya bila kungoja ruhusa ya Kinshasa.

Usidanganye umri wa mtoto. Nimeona baba akimsukuma kijana wa miaka kumi na sita kwenye foleni, eti ana mwili. Sheria ya 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto inakataza mtu wa chini ya miaka 18 kuingizwa jeshini, na anayemwingiza anaweza kufungwa miaka 10 mpaka 20. Na mtoto aliyeingia kwa umri wa uongo, siku ukimtafuta utamtafuta kwa karatasi ya uongo.

Usilipe mtu makuta ili mtoto «apite». Kuingia jeshini hakuuzwi. Mtu anayekuomba dola ili kuandika jina la mtoto wako, kesho hutampata, na jina halitakuwa mahali popote.

Andika. Mbele ya kijana kuondoka, nunua daftari moja. Weka humo majina yake yote kama yalivyo kwenye karte ya uchaguzi, tarehe na mahali alipozaliwa, siku aliyoondoka, na nani aliwapokea. Akipewa matrikule, akitajie wewe, uiandike humo, uifiche vizuri. Mama aliye na matrikule akiingia ofisini anauliza swali. Mama asiye nayo anaambiwa arudi kesho.

Kama kijana ana mke, waandikishe ndoa kwenye komine. Kama ana mtoto, atangazwe kwenye etat civil ndani ya siku 90 baada ya kuzaliwa. Sheria ya askari ya mwaka 2013 inawapa mjane na yatima haki zao, lakini ofisi haitambui mjane wa mdomo. Msione haya kufanya hivi wakati kijana bado mzima. Kuandika hakuleti kifo.

Chukueni namba za wazazi wenzenu siku ile ile ya kuaga. Wale wamama waliotandika vitenge pamoja walitawanyika bila kujuana, na leo kila mmoja analia peke yake chumbani. Tunaweza kufanya likelemba ya makuta, tunashindwaje kufanya likelemba ya habari? Wazazi ishirini wakienda pamoja kwa barua, na nakala yake ikabaki komine, hawatafukuzwa kama mtu mmoja.

Na siku ikifika mkaitwa kweli, labda kambi iwe ya karibu, kama Luberizi kule katika uwanda wa Ruzizi ambako gari linafika kwa siku moja kwa kupitia Kamanyola, basi mwende kama wazazi. Mfike mapema, na kitambulisho mkononi. Msibebe kasiksi. Msipige picha za silaha wala za majengo ya kambi, na picha ya kijana wenu isitembezwe kwenye WhatsApp na jina lake. Msikimbie katikati ya gwaride hata kama mmemwona, ngojeni amri ya kuvunja safu. Akija kwenu, msimwombe makuta. Nasema tena: msimwombe makuta! Kijana ametoka kula maharagi yenye mawe kwa miezi, mshahara wa kwanza hajauona, na neno la kwanza la shangazi ni madeni ya nyumba. Ukimfundisha siku ile kwamba mavazi ya jeshi ni mtego wa makuta, usishangae kumkuta kesho kwenye barrière akinyoosha mkono kwa muuza makaa.

Mwambieni neno moja tu la maana. Mzee mmoja wa Muhumba, askari wa zamani, aliniambia neno ambalo baba yake alimpa: «Kila mama utakayemkuta njiani ni mama yako, na mimi nitaulizwa.» Hiyo ndiyo faida ya mzazi kuwa pale. Askari aliyeapa mbele ya mkubwa wake anaweza kumdanganya mkubwa, kwa sababu wakubwa wanabadilishwa. Askari aliyeapa huku baba yake anamtazama atabeba macho yale popote atakapotumwa. Tunalia kila siku juu ya askari wanaosumbua raia. Tunaomba semina, tunaomba mahakama. Vyote ni vizuri. Lakini kuna dawa nyingine isiyo na bei, nayo ni mama aliyekaa kwenye benchi siku ya kiapo.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, na wanaohusika wanajijua. Kila familia ipewe barua siku mtoto anapomaliza mafunzo, barua yenye jina, matrikule na mhuri, hata bila kutaja kikosi. Kila komine itume angalau mzazi mmoja kwenye sherehe. Na hapa Bukavu kuwe ofisi moja, na mtu mmoja ndani yake, ambapo mzazi anaweza kuuliza na kujibiwa bila kutukanwa. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji kifaru.

Yule mama wa Nyawera nilimrudishia simu yake. Aliitazama tena picha, akaweka kidole juu ya kijana mmoja wa safu ya tatu, mrefu kidogo, ambaye uso wake hauonekani. Akasema: «Basi nitachukua huyu, mpaka wanionyeshe wangu.» Akaenda kuuza.

Waheshimiwa, mama huyo hadai mapato wala cheo. Anadai aonyeshwe mtoto aliyewapa. Mtamjibu lini?

Kutoka Ibanda, Bukavu, ni mimi mwandishi wenu.