Mzigo mwepesi, bei nzito



Mwezi huu tuongee na ninyi mnaoleta vitu vya plastiki na vya mpira toka Dar es Salaam ao ng'ambo. Wengi wanasema: «Plastiki ni nyepesi, usafiri utakuwa bei chini.» Hapana, wandugu. Mama anatoa feza ya likelemba na ya masomo ya watoto, ananunua bidoni tupu, na faida inakwisha njiani mbele ya kufika Kasumbalesa. Sababu gani? Mwenye kubeba hauzishi kilo tu, anauzisha na nafasi.

Tufanye hesabu. Watu wakichangia kontena moja katika meli, kawaida tani 1 inahesabiwa sawa na nafasi ya meta 1 urefu, meta 1 upana, meta 1 kimo. Unalipa ile inayozidi. Bidoni tupu ya litre 20 ina karibu kilo 1, na katika nafasi ile zinaingia karibu 35. Basi kilo 35 zinalipa kama tani 1! Lakini mkanda wa mpira, ule wa kupitisha mawe kwenye mine, ukizungushwa hauachi nafasi tupu kubwa. Kamyo itatimiza uzito wake mbele ya kujaa.

Hata Marekani, mizigo ya kamyo inagawiwa kwa madaraja 18, toka 50 mpaka 500. Mzigo mzito usiokula nafasi uko chini. Ule mwepesi wa kula nafasi uko juu, na bei yake inapanda.

Kwa hiyo, mbele ya kununua, uliza: «Mnahesabu kilo ao nafasi?» Pima mzigo kisha kuufunga. Chagua vitu vinavyoingiana: beseni 10 za kupangana zinapita moja kidogo tu kwa nafasi. Vikombe viingie ndani ya ndoo. Tundu la pine lisisafiri bure.

Duane ni hesabu ingine. Katika orodha yao plastiki iko sura ya 39, mpira sura ya 40. Lakini sandali, hata za plastiki ao za mpira, ziko sura ya 64 pamoja na viatu vingine. Usiandike «plastiki» tu juu ya kila kitu.

Nanyi vijana, mtu atawaambia: «Andika kilo kidogo, nani atajua?» Kamyo yenye kupita uzito breki zake zinashindwa, na kwenye barabara kuna watoto wa watu. Someni Mithali 11:1 na Torati 25:13-15, wazazi na watoto pamoja. Mizani ya uongo Mungu anaiona hata kwenye karatasi ya usafiri.

Bwana abariki kazi ya mikono yenu.